Muguu Ulioacha Kulalamika

Goma, Ijumaa muchana

Solange mutoto wangu,

Nimekimaliza kile kitabu chako cha biolojia. Chote, jalada hadi jalada, Kifaransa chake chote, pamoja na ile michoro yenye mishale. Sasa katika avenue yetu, ukiondolewa wewe, hakuna mutu wa kunishinda kwa habari za seli. Hata yule mwalimu wako mwenye miwani, akitaka, aje aniulize. Nitamupokea nikiwa nimekaa.

Haya. Sikukimaliza. Nilisoma kurasa kumi na moja, nikaangalia picha, na mara mbili nililala nacho kifuani mpaka mama yako akakitoa, akasema nitakiharibu kwa mate. Shule yangu iliishia mwaka wa nne wa musingi, na huo wa nne niliurudia. Yale mengine yote ninayoyajua ni wewe uliyeniambia, umeinama kwenye muguu wangu na beseni la maji ya chumvi, jioni baada ya jioni, ukiongea kama pasta anayehubiria jiwe. Jiwe lilikuwa linasikiliza, ndilo ninalotaka ujue.

Mumeenda sokoni Birere na mama yako kununua valizi ya kutia nguo zako za safari ya kesho. Nina muda, kwa sababu yule mwanamuke hanunui kitu kabla ya kukikataa mara tatu. Nimekaa mulangoni, muguu juu ya kibido kitupu cha maji, kama chifu aliyekosa watu wa kutawala. Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kuchemsha maji, wala za vijana wa Bukavu. Hayo mama yako anayo yote, atakumiminia mpaka bandarini, na yale atakayosahau atakupigia simu ukiwa bado unamuona kwa macho. Mimi nakuandikia habari ya jiwe.

Mwisho wake unaujua. Ile jioni ulinivua buti, ukapindua, likaanguka kijiwe cheusi cha volkano, kikubwa kama harage, na nyuma yake damu. Nilikuwa nimetembea nacho tangu asubuhi. Uliniuliza, "Papa, hukusikia?" Nikakuuliza, "Nisikie nini?" Ulienda nje, ukarudi na beseni. Mwanzo wake hukuujua, kwa sababu mwanzo wake ni majivuno yangu, na hayo sikukuambia.

Karibu mwaka mzima kabla ya ile jioni, miguu yangu ilianza kunyamaza. Kwanza vidole, kama vimevaa soksi ambayo sikuivaa mimi. Mutu wa akili angesema hapa kuna kitu. Mimi nilisema, hatimaye nimekomaa. Unajua sisi wa chukudu tulivyo. Lile gari letu la mbao la magurudumu mawili halina injini isipokuwa muguu unaosukuma, wala breki isipokuwa kisigino. Mutu wa chukudu haringii sura wala nguo. Anaringia nyayo. Na hapa kwetu chini ni mawe ya mulima, makali kama chupa iliyovunjika, hata mbuzi anafikiri kabla ya kukanyaga.

Basi siku moja pale Kanyaruchinya, tulipopumzika na mizigo ya viazi, nilivua buti nikacheza juu ya kokoto mupya. Nilicheza vizuri, minakwambia. Nikazunguka, nikaruka, nikatua na visigino. Vijana wakapiga makofi, wakaniita muzee chuma, wakaninunulia soda. Juzi nilimusimulia munganga wa hospitali. Akasema siku ile nilikuwa ninacheza kwenye matanga ya muguu wangu mwenyewe, tena nikaunywesha sukari.

Huo ugonjwa wangu wa sukari wewe ndiye uliyenieleza, na hadi leo sijapata mutu wa kueleza kama wewe. Ulisema seli ni kama vile vibanda vya kambi ya wakimbizi, kila kimoja na mulango wake, na mwili unatuma mujumbe apige hodi: fungueni, chakula kimefika. Kwangu mimi mujumbe anapiga hodi mpaka mukono unamuuma, na ndani wanakaa kimya kama watu waliosikia mwenye nyumba anakuja kudai. Sukari inabaki njiani inazurura. Inazurura miaka, na kila inapopita inaharibu, hadi zile nyuzi nyembamba zinazopeleka habari kutoka muguuni kwenda kichwani zinakatika moja moja. Muguu unapiga kelele, kichwa hakisikii. Halafu hata kelele zinaisha.

Nilikuuliza na kidonda kinafungaje. Ulisema seli zilizoumia zinaita, na zingine zinakuja: za kuziba damu, za kula uchafu, za kujenga. Seli za ngozi zinatambaa kutoka pande zote, na siku zinapogusana katikati zinasimama. Hakuna kapita wa kuzisimamia na kusema basi, inatosha. Zinagusana, zinajua. Nikafikiri juu ya hiyo kwa siku mbili. Watu wangekuwa hivyo, wakigusana tu wanajua pa kusimama, kusingekuwa na vita, sisi tungekuwa bado milimani kwetu, na wewe ungekuwa umeolewa na mufuga ng'ombe mwenye meno mabaya. Kwa hiyo si kila hasara ni hasara.

Halafu nikauliza habari ya mujusi. Unakumbuka ulivyocheka? Mujusi akikatwa mukia, unarudi. Ini la mutu likikatwa kipande, linakua tena. Sasa kwa nini kidole cha mutu kisirudi? Ukasema kuna wanyama ambao seli zao za jeraha zinajua kurudi utotoni na kuanza kazi upya, lakini zetu sisi zina haraka, zinakimbilia kushona kovu. Nikasema basi Mungu anamupenda mujusi kuliko mukristo, na mujusi hajawahi kutoa hata sadaka ya pili. Mama yako akanirushia kitambaa cha kupangusia sahani.

Sikuuliza kwa ajili ya mujusi.

Tangu wiki mbili nakukataza kufungua bandeji. Nilikuambia munganga anataka iguswe na watu wa hospitali peke yao, na kwamba amefurahi, kidonda kinafunga. Hakufurahi. Hakifungi. Vidole viwili vya mwisho vimekuwa vyeusi kama haya mawe tunayokanyaga, na Jumatatu wanavikata. Munganga anasema tukivikata mapema, muguu unaweza kubaki. Alisema "unaweza". Nilimuomba aseme "utabaki", hata kama anadanganya kidogo, akakataa. Ni kijana mwenye adabu ngumu.

Mama yako anajua. Nilimuapisha. Ndiyo sababu wiki hii anakugombeza kwa kila kitu, hadi namna unavyokunja nguo. Ni njia yake ya kutolia mbele yako. Na mimi nilipanga hivi: barua hii niifiche chini kabisa ya valizi mupya, chini ya sweta, uisome Bukavu, ziwa lote likiwa katikati yetu na vidole vyangu viko njiani kwenda vinapoenda. Nilijiona nina akili sana. Kama ungejua mapema ungesema huendi, ungesema masomo yatangoja, na nafasi yako pale iniversite haitangoja, wote tunajua. Mipango yangu mizuri yote maishani ilikuwa ya namna hiyo, mutu mumoja ananyamazishwa kwa faida yake.

Nikuambie ya kaka yako Bahati.

Muji muzima unaniita Papa Bahati, kwa jina la mutoto ambaye kwa miaka mingi hakunipigia simu. Anamupigia mama yake kutoka Vitshumbi, kule anakovua, anamuuliza mvua, anamuuliza wewe, anamuambia samaki wamekuwa wadogo. Mimi nakuwa pale pembeni ninajifanya ninachokonoa meno. Wewe ulikuwa mudogo, ulikuta hali iko hivyo, ukafikiri ni tabia yake. Si tabia yake.

Alikuwa na miaka kumi na tano, anasukuma chukudu nami. Siku moja kwenye mupando, chini ya magunia sita ya viazi, alisema, "Papa, mugongo unaniuma." Mbele ya wenzangu. Nami nikacheka, nikamuita mademoiselle, kama musichana. Nikauliza kama nimutafutie mwavuli. Wenzangu wakacheka, nikaona nimefanya kazi nzuri ya baba. Hakusema tena. Alisukuma miaka minne mingine bila neno moja la maumivu, na mimi nilikuwa ninajivuna kwa watu: muone kijana wangu, chuma. Nilimuringia kama nilivyokuja kuringia nyayo zangu. Kisha asubuhi moja akaenda ziwani Edward, kuvua.

Babu yako alinifundisha kitu ambacho sikukielewa hadi wewe uliponieleza. Kabla ya kupanda mbegu za viazi, alikuwa anavunja chipukizi la kwanza, lile la juu. Mimi nilifikiri ni uchawi wake. Ukaniambia kwamba jicho la juu likiamka kwanza linatuma neno kwa macho mengine: ninyi laleni. Na yanalala. Likiondolewa, hayo mengine yote yanaamka. Uliponiambia hivyo, ulikuwa unasugua sufuria, ukaendelea kusugua. Mimi niliomba ruhusa nikaenda chooni, nikakaa huko bila kazi yoyote.

Jumanne nilimupigia Bahati. Nilimuambia habari ya vidole. Nikamuambia pia kwamba haviumi, na kwamba huko kutouma ndiko ugonjwa wenyewe. Nilisikia maji, na watu wanaitana kwenye mitumbwi. Nikafikiri simu imekatika. Halafu akasema, "Papa, ule mugongo bado unaniuma."

Nikamuambia, "Nieleze."

Alinieleza mpaka uniti za simu zikaisha. Upande gani, saa ngapi, anavyolala. Sikutoa dawa wala methali. Nilipofunga simu, nilikuwa nimechoka kama mutu aliyepandisha magunia yale yeye mwenyewe. Ndiyo, anakuja. Barabara ikikubali, Jumapili jioni atakuwa hapa, na Jumatatu atakaa kwenye benchi ya hospitali. Kwa hiyo ukitaka kubaki kwa sababu ya benchi, benchi imepata mutu.

Sasa ni zamu yako, na hii ndiyo inayonipa kazi kuandika.

Siku tulipokimbia vita kutoka kule juu ya Kibumba, ulikuwa na miaka sita. Chukudu ilikuwa moja. Ningeweza kukuweka wewe juu yake. Niliweka magunia mawili ya mbegu za viazi, kwa sababu nilisema, mutoto ana miguu, mbegu hazina, tukifika, tutapanda. Kila mukulima aliyeshuka ile siku alikuwa na akili hiyo hiyo. Watu walisukuma mbegu, watoto wakatembea. Tukafika kambini Kanyaruchinya, na chini ni jiwe. Jiwe tupu, Solange, hata jembe lingelia. Tulikaa juu ya mbegu zetu kama kuku juu ya mayai ya plastiki.

Njiani ulikanyaga kipande cha jiwe, kikaingia kwenye unyayo. Ulinyoosha mikono ili upande juu ya gunia. Nikakutoa kile kijiwe na meno yangu, nikakuambia leo hakuna nafasi ya kulia, utalia siku ingine. Ulifikiri kidogo. Ukasema, "Sawa papa, nitalia siku ingine." Ukatembea. Nilikuwa nyuma yako ninasukuma, ninaona alama ndogo ya damu kila unapokanyaga na muguu wa kushoto, na nilikuwa ninafurahi. Nilisema moyoni, huyu ndiye mutoto.

Zile mbegu zilichipuka gizani ndani ya magunia, machipukizi meupe, marefu kama vidole vya mugonjwa, yanatafuta upande wa mwanga. Tulizila, kwa aibu, hadi zilipoisha. Wewe uliiba kiazi kimoja. Ulikwangua udongo kati ya mawe, konzi kwa konzi, ukajaza kopo la maziwa, ukapanda. Kilipotoa majani ulikuja ukaniuliza, "Papa, kiazi kilijuaje juu ni wapi?" Nilikuambia kaa kimya, nimechoka. Nilikuwa nimechoka kweli. Lakini pia sikujua, na baba asiyejua anapenda sana watoto wakae kimya.

Jibu ulilipata mwenyewe, ukaniletea mwaka huu, mimi nimekaa hapa hapa na muguu kwenye beseni. Ulisema ndani ya seli fulani za mumea kuna punje ndogo sana za wanga. Ni nzito kidogo, zinalala chini, na seli inasikia zimelalia upande gani, inawaambia majirani, na mumea unajua juu ni wapi. Nilikuomba urudie. Ulirudia. Ulifikiri sikuelewa. Nilielewa mara ya kwanza. Kitu ambacho jicho halioni kinasikia punje yake inapolala, na muzee muzima wa vyeti vya ubatizo na ndoa alibeba jiwe kama harage siku nzima.

Sikulaumu kwa lolote, mutoto wangu. Umekuwa mutu wa kunyamaza vizuri. Hukulia kambini, hukulia tulipokosa karo na ukakaa mwaka nyumbani, hukulia ile homa ilipokulaza siku tisa, ulikuwa unatuuliza sisi kama tumekula. Watu wanakusifu. Mimi nilikuwa wa kwanza kukusifu. Siku hizi, ukinyamaza, ninaangalia chini kama kuna damu.

Kwa hiyo nimebadilisha mupango. Barua haiendi chini ya valizi. Naiweka ndani ya kiatu chako cha safari, cha kulia. Tangu ile jioni hakuna kiatu kinachovaliwa katika nyumba hii kabla wewe hujakipindua na kukipiga chini mara mbili. Utaiona kesho asubuhi, boti bado iko bandarini, na mimi nitakuwa hapa kitini, siwezi kukimbia. Ukitaka kuniuliza, uliza. Ukitaka kufungua bandeji uone, fungua. Nimekuwekea beseni tayari. Kisha upande boti. Hilo siamuru, nimeacha kazi ya jicho la juu, nyumba nzima imekwisha kunishuhudia. Naomba tu. Vidole vyangu havitarudi ukibaki, na hao walimu wa Bukavu hawatarudi ukichelewa. Uende ukajue mujusi anafanyaje. Kama kuna siri, usinihurumie mimi, kuna vijana wengi wanacheza juu ya kokoto.

Nawasikia kwenye kona. Mama yako anasema ile valizi ni ya bei ya wezi, kwa hiyo ameinunua. Nimalize.

Nimehesabu yale unayonidai mimi, ni mengi, sitaanza. Lakini kuna kamoja ninakokudai mimi, kadogo, na ulikaahidi kwa kinywa chako. Uliniambia utalia siku ingine. Nimengoja, haijafika. Ukifika Bukavu, nipigie, mimi, si mama yako, na usiniulize muguu wangu. Anza na wa kwako, wa kushoto, kile kijiwe. Kisha uje kwenye kitanda kibaya, chakula kisicho na chumvi, mwalimu mukali, chochote. Sitacheka, sitasema nyamaza. Nitanunua uniti za kutosha.

Ni mimi,
ambaye leo, kwa mara ya kwanza, anatia sahihi kwa jina lako,

Papa Solange